Kisu cha Kukunja: Mkono Ndio Hakimu

Viko vyombo vya nyumbani ambavyo ubora wake huonekana mara tu viwekwapo mezani, na viko vingine ambavyo havisemi kweli mpaka vifanye kazi. Kisu cha kukunja ni katika hivyo vya pili. Dukani hung'aa, hufunguka kwa mlio mtamu, na mwuzaji hukisifu kama wapambe wanavyomsifu bwana harusi. Lakini sifa za dukani hazimenyi ndizi. Hivyo basi, mtu mwenye mshahara wa kuhesabu, awe askari wa jeshi, polisi au mama wa nyumbani, hana budi kujifunza kukipima kisu kwa mkono wake kabla ya kukitolea fedha. Tena yafaa ajihadhari zaidi mbele ya kisu cha bei ya juu, kwa kuwa bei peke yake huweza kumfanya mtu aamini kwamba kila kilicho ghali ni chema.

Katika nyumba moja ya Kyebando, upande wa kaskazini wa jiji la Kampala, jambo hili liliingia kwa njia ya jeraha. Mama wa nyumba hiyo, ambaye majirani wote humwita Nalongo kwa kuwa amezaa pacha, huuza matoke yaliyokwisha menywa na vipande vya fenesi kando ya barabara. Hupenda kisu cha kukunja kwa sababu wajukuu humzunguka mchana kutwa, na kisu kilichofungwa hakimdhuru mtoto. Alichokuwa nacho kilikuwa cha bei rahisi, kisicho na chapa inayosomeka wala kifungio cha kuuzuia ubapa usirudi. Siku moja, alipokuwa akiuchokoa moyo mgumu wa fenesi kwa ncha, kisu kilijikunja na makali yakakiangukia kidole cha shahada. Kidole kilishonwa na kikapona. Lakini kwa majuma matatu hakuweza kumenya, na nyumba inayotegemea pensheni ya mumewe, sajini mstaafu wa polisi, pamoja na mapato ya meza ile, ililiona pengo.

“Nalongo, safari hii tununue kisu cha kweli,” alisema mumewe.

“Cha kweli ni kipi, Salongo? Hata hicho tuliambiwa ni cha kweli.”

Swali la Nalongo lilikuwa zito kuliko alivyodhani. Ikatokea kwamba mpwa wao, askari aliyemaliza zamu yake Mogadishu, alikuwa amerudi na kisu cha fahari chenye mpini wa titani, madini mepesi kuliko chuma na yasiyoshika kutu. Kijana alikiweka mezani kwa heshima. “Mjomba, hiki ndicho mwisho wa visu,” alisema. Salongo akaazima kwa jirani kisu kingine cha bei ya kadiri, chenye mpini wa mbao na pete ya chuma ya kuufunga ubapa. Visu hivyo viwili vikakabidhiwa kwa mama ili avipime kwa juma moja katika kazi yake ya kila siku.

Faraja ya mkono

Jambo la kwanza ni mpini, maana mtu hashiki ubapa. Mpini mzuri huujaza mkono bila kuulazimisha. Ukiwa mwembamba mno, vidole hukaza zaidi ili usiponyoke, na mkono huchoka upesi. Ukiwa na pembe kali, hukandamiza mahali pamoja pa kiganja mpaka patoke lengelenge. Kosa hilo halionekani kwa kushika kisu dakika moja dukani. Yampasa mnunuzi akikamate kwa nguvu, afanye kana kwamba anachonga kijiti, ageuze mkono huku na huku, kisha aufungue aangalie kiganja. Alama nyekundu zikiwa mahali pamoja tu, hapo ndipo patakapouma baada ya saa nzima ya kazi.

Mashine ya kumenyea matoke haina nafasi Kyebando. Kazi yote ni ya mkono, na utomvu wa ndizi huteleza. Kufikia siku ya tatu Nalongo alikwisha toa neno lake. Kisu cha titani kilikata vizuri ajabu, lakini bamba zake nyembamba ziliteleza zilipolowa utomvu, na kibanio cha kukitundikia mfukoni kilimchoma kiganjani. Mpini wa mbao, ulionenepa kidogo katikati na kupungua mwishoni, ulitulia mkononi. Hii haina maana kwamba titani ni mbaya. Maana yake ni kwamba aliyekichora kisu kile alimfikiria mtu anayekifungua mara chache, akate kamba au afungue sanduku, kisha akirudishe mfukoni; hakumfikiria mama mwenye mikungu miwili ya kumenya kabla ya adhuhuri.

Umaliziaji wa kazi

Jambo la pili ni umaliziaji, na hapa kisu cha ghali kina haki ya kujivunia. Umaliziaji si mng'ao. Mng'ao waweza kupakwa juu ya kazi mbovu, kama rangi mpya juu ya ukuta uliopasuka. Umaliziaji hutazamwa pale ambapo mwuzaji hatarajii mnunuzi aangalie. Kisu kikiwa kimefungwa, kiinuliwe kwenye mwanga: ubapa ukae katikati ya mbavu zake, usiegemee upande mmoja. Kikifunguliwa, ubapa ushikwe kwa uangalifu upande wa mgongo na kusukumwa kushoto na kulia. Ukicheza, bawaba yake ni legevu na itazidi kulegea. Kipande cha pamba kipitishwe kingoni mwa mpini. Kikinasa nyuzi, kuna vijino vya chuma ambavyo fundi hakuvisugua kwa msasa. Mwisho, makali yatazamwe kutoka kwenye ncha: mteremko wa kunoa uwe sawa pande zote mbili.

Kifungio kipimwe peke yake, vidole vikiwa mbali na njia ya ubapa. Mgongo wa kisu kilichofunguliwa ukandamizwe polepole juu ya meza. Kikionyesha dalili ya kujikunja, kirudishwe kwa mwenyewe bila mazungumzo. Wala mtu asidhani kwamba kifungio ni anasa ya matajiri. Visu vya Okapi vilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 ili viuzwe Afrika, na tangu mwaka 1988 vinatengenezwa Afrika Kusini. Vyajulikana kwa mpini wa mbao na pete ya kufungulia kifungio, na siku zote vimekuwa visu vya mtu wa kawaida. Jina lao ni la yule mnyama wa misitu ya Kongo aliyetambulishwa kwa wataalamu wa Ulaya mwaka 1901 kwa juhudi za Harry Johnston, aliyekuwa Kamishna Maalumu wa Uingereza nchini Uganda.

Chuma na kinoo

Wauzaji wa visu vya bei ya juu hupenda kutaja majina ya chuma. Chuma cha S30V, kwa mfano, kilitolewa Marekani mwaka 2001 kwa makusudi ya kutengenezea visu. Hutengenezwa kwa unga wa chuma ulioshindiliwa kwa joto na nguvu, na makali yake hudumu sana. Katika kipimo cha ugumu kiitwacho Rockwell, kisu cha kawaida cha Uswisi hufika takriban 56, na vyuma vya fahari hufika 58 hata kupita 60. Lakini ugumu una gharama yake. Chuma kigumu hakitii kinoo cha kawaida. Huhitaji kinoo cha almasi, au subira ambayo mwenye wateja hana. Chuma laini kidogo hunolewa kwa dakika tano kwenye jiwe la uani, au kwa fundi wa Katwe, kikarudi kazini. Ama chuma cha kale kinachoshika kutu, hicho hupata makali mazuri, lakini utomvu wa ndizi hukitia weusi, na kisipokaushwa wakati wa mvua huharibika.

Thamani

Sasa ije hesabu ya fedha, ambayo Salongo aliifanya kwenye karatasi kwa mwandiko wa mtu aliyezoea kuandika taarifa za kituoni. Kisu cha shilingi 5,000 kinachokufa kila baada ya miezi miwili hugharimu shilingi 30,000 kwa mwaka. Kisu cha shilingi 60,000 kikidumu miaka 10, mwaka mmoja ni shilingi 6,000. Kisu cha shilingi milioni moja na nusu, hata kikidumu miaka 30, bado ni shilingi 50,000 kwa mwaka. Na katika hesabu ya kile cha kwanza, kidole cha Nalongo hakikuingizwa. Kwa hiyo rahisi si rahisi, na ghali mno halilipi kwa kazi peke yake. Faida kubwa imo kati ya hivyo viwili: kutoka kisu kibovu kwenda kisu kizuri, kila shilingi hununua usalama, kutoka kisu kizuri kwenda kisu cha fahari, shilingi nyingi hununua uzuri.

Si aibu kupenda uzuri. Kisu kimoja mashuhuri cha bei ya juu, kazi ya Chris Reeve, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyehamia Marekani, kinaitwa Sebenza, neno la Kizulu lenye maana ya kufanya kazi. Nacho huuzwa kwa zaidi ya dola 400. Mtu aliyekwisha lipa karo za watoto, akapenda ufundi wa namna hiyo, na akinunue kwa moyo mweupe. Ila asiseme amekinunua kwa ajili ya kumenyea. Jeshi la Uswisi lenyewe latoa mfano mzuri: kisu kilichogawiwa askari wake mwaka 1891 kilikuwa na ubapa, bisibisi, kifungua kopo na msumari wa kutobolea, kwa sababu askari alihitaji kufungua chakula cha kopo na kuivunja bunduki yake ili aisafishe. Kisu chepesi cha maofisa, chenye kizibuo cha mvinyo, kilikuja mwaka 1897, na ofisa aliyekitaka alijinunulia mwenyewe. Jeshi lililipia kazi. Fahari ililipiwa na mwenye fahari.

Juma lilipokwisha, Nalongo alichagua kisu cha mpini wa mbao, nacho kikanunuliwa kwa jirani. Mpwa alirudishiwa chake kikiwa kimesafishwa. Alikigeuza mkononi, akaona alama ndogo za utomvu karibu na bawaba, akacheka. “Mjomba, nimekaa nacho mwaka mzima, na kazi yake ya kwanza kakipa shangazi.”

Aliyepata kisu chema na akitunze. Kabla ya kukata fenesi, ubapa upakwe mafuta ya kupikia kidogo ili utomvu usishike. Baada ya kazi uoshwe, ukaushwe, na tone la mafuta litiwe kwenye bawaba. Mpini wa mbao usilowekwe, kwa maana mbao huvimba na kuubana ubapa. Kifungwe na kiwekwe juu, mahali mkono wa mtoto usipofika. Kisichukuliwe mahali pa pombe wala kwenye mikusanyiko, maana huko hata kisu cha kumenyea chaweza kumtia mwenyewe mashakani mbele ya polisi. Wala kisitiwe katika mkoba wa kuingia nao ndani ya ndege. Mpwa na majirani wanaokuja kununua matoke Kyebando sasa hukiomba kisu cha Nalongo wakishike kidogo, naye huwapa kikiwa kimefungwa, mpini mbele.