Mechi Zilizoonwa na Watu Wachache

Uliza wasupota wazee wa Goma ni mechi gani hawawezi kusahau. Utadhani watataja zile za Stade de l'Unité, uwanja umejaa na vijana wamekaa juu ya ukuta. Wengi hawataji hizo. Wanataja mechi za mbali, pale ekipe yao ilipokuwa mgeni na wao walikuwa wachache kiasi kwamba mtu aliweza kuwahesabu kwa kidole na kumaliza kabla kona haijapigwa.

Sababu ya uchache huo kila Mkongomani anaijua. Kutoka Goma hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500, na hakuna barabara ambayo basi la wasupota linaweza kushika asubuhi likafika. Ekipe ilikuwa ikienda kwa ndege. Msupota naye, ambaye ni motari, fundi viatu au muuza sambaza, hakuweza kutoa pesa ya tikiti ya ndege kwa ajili ya dakika 90. Kwa hiyo ekipe ya Goma ilipocheza Kinshasa, Lubumbashi au Kindu, ilicheza karibu peke yake.

Karibu, si kabisa. Daima kulikuwa na watu wachache kwenye kona ya jukwaa. Na hao, ukiwauliza, wengi hawakusafiri kufuata ekipe. Walikuwa huko tayari. Ni wanafunzi waliotumwa na wazazi kusoma, wafanyabiashara waliokwama, wake za askari waliohamishwa, watu waliokimbia vita fulani na hawakurudi. Wao hawakwenda kuangalia mpira tu. Ekipe ya kwao ilipopita mjini, ni kama kijiji kimekuja kuwasalimia. Walienda uwanjani kusikia wachezaji wakiitana kwa Kiswahili cha nyumbani, kisha baada ya mechi wakasimama mlangoni kuuliza: mvua imenyesha huko? Fulani angali mzima?

Mechi ya karibu ilikuwa ya Bukavu. Kutoka Goma ni kama kilomita 100 kwa maji, na boti za usiku zilikuwako. Ndiyo maana wasupota wa Virunga walioona ekipe yao ikicheza ugenini, wengi waliiona Bukavu, kwenye Stade de la Concorde kule Kadutu.

Fundi cherehani mmoja wa Mugunga anakumbuka safari moja ya namna hiyo. Walikuwa watu kumi na tisa. Walilala kwenye boti katikati ya magunia ya maharagwe, ngoma moja wakaifunika kwa kitenge isilowe. Asubuhi walipanda kilima hadi Kadutu kwa miguu, kwa sababu pesa ya kurudi ilibidi ibaki. Uwanja wote ulikuwa wa Bukavu. Wao walikaa kwenye kona, wakabanana kana kwamba kuna baridi. Mama mmoja muuza karanga alipita mbele yao, akawatazama, akacheka.

“Batoto ya Goma, muko bachache hivi! Mukifungwa, nani atawaliliya?”

Mkubwa wao akamjibu, “Mama, sisi tulitumwa kuona. Wa kulia wako nyumbani.”

Fundi anasema jibu lile lilikuwa la mzaha, lakini lilikuwa kweli. Walipofika bandari ya Goma siku ya pili, watu walikuwa wakiwangoja. Simu zilikuwa bado chache. Kumi na tisa wale walizungukwa, kila mmoja akaeleza alichoona: namna kipa alivyoruka, namna mwamuzi alivyokataa penalti. Mtaa mzima uliona mechi ile kupitia midomo yao. Kwa wiki moja hakuna aliyewauzia chai.

Leo fundi akihesabu, kati ya kumi na tisa anajua walipo wanne. Wengine wamefariki. Mmoja yuko kambi ya Nakivale, Uganda. Wengine walihama wakati wa vita, simu zao hazipiti. Na juu ya mechi ile yeye na mwenzake wa pekee aliyebaki mtaani hawapatani. Yeye anasema Virunga ilifungwa dakika ya mwisho. Mwenzake anasema walitoka sare. Wamebishana miaka na hakuna wa tatu wa kuamua. Picha hakuna. Gazeti hakuna.

Hapo ndipo uchungu wa mechi hizi ulipo. Mechi iliyoonwa na watu elfu ishirini haipotei. Hata elfu kumi wakifa, kumi wanabaki. Mechi iliyoonwa na kumi na tisa inabebwa kama maji ndani ya kiganja. Vita ikiwatawanya wale kumi na tisa, mechi nayo inatawanyika.

Na si mechi ndogo tu. Siku kubwa kuliko zote katika mpira wa nchi hii ilionwa na watu wachache.

Ni tarehe 14 mwezi wa tatu, mwaka 1974, mjini Kairo. Wakati ule nchi iliitwa Zaïre. Leopards walikuwa wamewatoa wenyeji, Misri, katika nusu fainali kwa mabao 3 kwa 2, baada ya kutanguliwa kwa mabao 2. Fainali dhidi ya Zambia, tarehe 12, iliisha 2 kwa 2 hata baada ya muda wa nyongeza, maana Zambia ilisawazisha mwishoni kabisa. Wakati ule fainali haikuamuliwa kwa penalti, kwa hiyo ikachezwa tena siku mbili baadaye. Zaïre ikashinda 2 kwa 0, mabao yote ya Ndaye Mulamba. Mashindano yale Ndaye alifunga mabao 9. Hakuna mwingine aliyewahi kufika hapo katika Kombe la Afrika moja.

Na waliokuwa uwanjani? Hesabu iliyoandikwa inasema watu kama 1,000. Wamisri, ekipe yao ikiwa imekwisha kutolewa, hawakuona sababu ya kurudi. Kutoka Kinshasa hadi Kairo nani angeenda? Ubingwa wa Afrika ukachukuliwa mbele ya viti vitupu.

Lakini mzee mmoja wa Katindo, ambaye mwaka ule alikuwa mwanafunzi, hakumbuki viti vitupu. Anakumbuka radio ya transista juu ya dirisha la duka, na watu waliosimama barabarani mpaka magari yakashindwa kupita. Anakumbuka betri zilizowekwa juani mchana ili zipate nguvu kidogo. Anasema bao la pili hawakulisikia vizuri, sauti ilikwenda ikarudi, wakajua ni bao kwa sababu mtangazaji alipiga kelele. “Uwanja ulikuwa hapa,” anasema, akionyesha barabara.

Ndaye mwenyewe, mtu wa mabao 9, alikuja kujua maisha ya ugenini kuliko msupota yeyote. Mwaka 1994 aliheshimiwa Tunis wakati wa Kombe la Afrika. Aliporudi nyumbani alishambuliwa na watu wenye silaha, akapigwa risasi mguuni. Akakimbilia Afrika Kusini, akaishi huko kama mkimbizi. Mwaka 1998, kwenye Kombe la Afrika kule Burkina Faso, watu walisimama kimya kwa dakika moja kumkumbuka marehemu Ndaye Mulamba. Yeye alikuwa hai, Cape Town. Habari ya kifo ilikuwa ya uongo. Alifariki kweli mwezi wa kwanza mwaka 2019, huko huko Afrika Kusini.

Familia nyingi za wakimbizi zinaielewa hadithi hiyo bila kuelezwa. Ukiwa mbali na wanaokujua, wengine wanaweza kukuzika ungali unapumua. Kuna watu wa Masisi na Rutshuru walioombolezwa vijijini kwao, kumbe wako Goma, wanauza mkaa.

Uchache lakini hauna maana ya unyonge. Wasupota wa Mazembe wanaweza kusema hivyo kwa sauti kubwa. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 2010, Abu Dhabi, katika nusu fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu, walikutana na Internacional ya Brazil. Wabrazili walikuja wengi, jukwaa jekundu. Wa Mazembe walikuwa kikundi kidogo, na ngoma zao. Kabangu akafunga, Kaluyituka akafunga la pili, na kipa Kidiaba akashangilia kwa kurukaruka amekaa, kama kawaida yake. Mara ya kwanza ekipe isiyo ya Ulaya wala ya Amerika ya Kusini ikaingia fainali. Fainali walifungwa 3 kwa 0 na Inter ya Milan. Lakini Lubumbashi, na hata Goma, watu wanaongea bado juu ya ile siku ya Internacional. Watu wengi kule Brazil walimjua Kidiaba siku ile, na hakuna aliyeuliza wasupota wake walikuwa wangapi.

Kisha kuna Abidjan. Tarehe 7 mwezi wa pili, mwaka 2024, nusu fainali ya Kombe la Afrika dhidi ya wenyeji, Côte d'Ivoire. Uwanja wa Ebimpé ulikuwa wa rangi ya machungwa pande zote, Wakongomani walikuwa doa dogo. Siku zile vita ilikuwa imekaribia Sake, na barabara ya kuja Goma ilijaa watu wenye magodoro kichwani. Wimbo wa taifa ulipoanza, wachezaji wa Leopards walifunika midomo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili wakaelekeza vidole viwili kwenye panja, kama bunduki. Hawakusema neno. Walifungwa 1 kwa 0, bao la Haller.

Mama mmoja wa Sake aliisikia mechi ile akiwa Bulengo. Alikuwa amefika kambini siku chache kabla. Hakuwa mtu wa mpira, mpira ulikuwa wa mume wake. Watu kama thelathini walikuwa wamezunguka simu moja yenye chaji kidogo, mwenye simu akazima picha akaacha sauti ili ifike mwisho. Mtangazaji alipoeleza wachezaji wamefanya nini na mikono yao, hapo kambini watu walinyamaza. Mtoto wake akauliza, “Mama, wanatuonyesha sisi?” Akamjibu, “Ndiyo, sisi.” Anasema ekipe ilifungwa, lakini usiku ule alilala. Ilikuwa mara ya kwanza kulala tangu Sake.

Vita ilipoingia Goma mwezi wa kwanza mwaka 2025, kambi za kandokando ya mji zilivunjwa baadaye na watu wakatawanyika tena. Wale thelathini wa simu moja hawako pamoja. Mama yule anajua alipo mmoja tu, mwenye simu, kwa sababu alimwachia namba.

Ndiyo sababu fundi wa Mugunga ameanza kufanya kitu. Amenunua daftari la mwanafunzi. Upande mmoja ameandika majina kumi na tisa, na mbele ya kila jina mahali mtu alipoonekana mara ya mwisho. Upande wa pili ameandika mechi, kila mmoja kwa maelezo yake. Kwenye matokeo ameandika yote mawili, ya kwake na ya mwenzake. Hakuyafuta ya mwenzake. Anasema siku wa tatu akipatikana, ataamua yeye.

Kila familia iliyohama ina mzee ambaye siku moja alikuwa mahali ambapo wengine hawakuwa. Si lazima iwe mechi. Inaweza kuwa soko la kwanza la kijiji, au siku daraja lilipofunguliwa. Akiulizwa leo atasema. Kesho huenda yuko mbali, au simu haipiti.

Jumapili jioni, kwenye uwanja wa mawe ya volkano nyuma ya shule moja, vijana waliotoka Masisi wanacheza na vijana waliotoka Rutshuru. Hakuna anayejua nani mwenyeji na nani mgeni. Watazamaji hawafiki ishirini. Bibi mmoja husimama kwenye mstari, peke yake, na kila kijana akigusa mpira hataji jina lake. Anataja jina la kijiji alikotoka. Vijana wamezoea. Mpira ukienda pembeni, wanasubiri kwanza amalize.