Kutoka Jeddah Hadi Madina kwa Treni: Hesabu ya Saa kwa Mgeni wa Mwenyezi Mungu

Wazee wetu wa pwani walioazimia kwenda Hija walipanda jahazi, na baadaye meli, wakaaga watu wao kwa machozi kwa kuwa hawakujua watarudi lini. Safari yao ilihesabiwa kwa miezi na misimu ya pepo. Safari yetu sisi inahesabiwa kwa dakika. Ndege inatua Jeddah, na chini ya saa mbili baada ya kupanda treni, msafiri anashuka katika mji wa Mtume, swalla Allahu alayhi wa sallam. Neema hii ni kubwa, na inastahili kushukuriwa. Lakini ina sharti moja ambalo jahazi halikuwa nalo: treni haimsubiri mtu.

Familia nyingi zinazojipangia safari ya Umra hununua tiketi ya ndege kwanza, kisha tiketi ya treni, zikitazama saa ya ndege kutua na saa ya treni kuondoka kana kwamba baina yake hakuna kitu. Kumbe baina yake mna uhamiaji, mizigo, sala, mzee asiyeweza kutembea haraka, na mtoto aliyelala begani. Makala haya yanahusu pengo hilo.

Reli ya zamani na reli ya leo

Madina si mgeni wa treni. Mwaka 1900, kwa amri ya Sultani Abdul Hamid wa Pili, kazi ya kujenga Reli ya Hijazi ilianza kutoka Damascus, na mwaka 1908 treni ya kwanza ikaingia Madina. Njia hiyo ilikuwa na urefu wa kilomita zipatazo 1,300, na Waislamu wa nchi nyingi waliichangia mali zao. Mwendo ambao misafara ya ngamia iliukata kwa siku zipatazo 40 ukawa wa siku chache tu. Vita Kuu ya Kwanza ndivyo vilivyoivunja reli hiyo. Stesheni yake ya Madina ingalipo, nayo imefanywa makumbusho. Mwenye nafasi ya saa moja asiache kuitembelea.

Reli ya leo ni nyingine. Reli ya Haramain ilizinduliwa Septemba 2018. Ina urefu wa kilomita 450, na treni zake za umeme hufikia kasi ya kilomita 300 kwa saa. Msomaji aliyepanda treni yetu ya Dar es Salaam hadi Dodoma, ambayo hufikia kilomita 160 kwa saa, anaweza kukisia tofauti. Vituo ni vitano: Makka, Jeddah mjini katika mtaa wa Sulaymaniyah, Uwanja wa Ndege wa Mfalme Abdulaziz, Mji wa Kiuchumi wa Mfalme Abdullah, na Madina. Kituo cha tatu ndicho kinachotuhusu, kwa sababu kimeunganishwa na Jengo la 1 la abiria. Anayetua katika jengo hilo anaweza kuifikia treni bila ya kupanda gari.

Hapa pana jambo la kwanza la kuangaliwa. Uwanja wa Jeddah ni mpana, na una zaidi ya jengo moja la abiria. Mbali na Jengo la 1 kuna Jengo la Kaskazini, na kuna Jengo la Mahujaji lenye mapaa maarufu yenye umbo la mahema. Majengo haya hayako ubavuni mwa stesheni. Atakayeshushwa huko atahitaji basi au teksi kulifikia Jengo la 1, na muda huo lazima uingizwe katika hesabu. Basi kabla ya kununua tiketi ya treni, uliza shirika la ndege: tutashukia jengo gani?

Saa tatu tofauti katika mfuko mmoja

Jambo la pili linatuhusu sisi Waswahili zaidi ya wageni wengine. Saudi Arabia na Afrika Mashariki ziko katika majira yaleyale. Saa ya mkononi haihitaji kugeuzwa. Lakini tiketi huandikwa kwa mtindo wa saa 24, ilhali ndimi zetu huhesabu saa tangu mapambazuko. Tiketi iliyoandikwa 08:00 si ya saa nane. Ni ya saa mbili asubuhi. Iliyoandikwa 11:00 ni ya saa tano, wala si ya saa kumi na moja. Na 14:00 ndiyo saa nane mchana. Mtu mmoja anaposoma tiketi na kumpigia simu mzazi aliyeko kijijini, tofauti hii ya saa sita inaweza kuwafanya watu wa nyumba moja wafuate ratiba mbili.

Hatari zaidi ni siku. Kwa hesabu ya dini yetu, siku mpya huanza jua linapozama. Usiku wa Ijumaa ni ule unaofuata Magharibi ya Alhamisi. Kwa mazoea ya mazungumzo, wengi husema “Alhamisi usiku” mpaka alfajiri. Lakini kwa shirika la ndege na la reli, siku hugeuka saa sita usiku kamili. Ndege inayotua saa saba za usiku, baada ya watu kulala Alhamisi, imetua Ijumaa. Atakayeinunulia treni ya asubuhi kwa tarehe ya Alhamisi atakuwa ameinunua treni iliyokwisha kuondoka kabla yeye hajatoka nyumbani. Dawa yake ni nyepesi: andikeni ratiba yote katika karatasi moja, kwa tarehe, jina la siku, saa ya tiketi na saa ya Kiswahili, kisha asomewe kila anayesafiri.

Tuhesabu pamoja

Tuchukue mfano wa familia ya watu watano, wakiwamo bibi anayetumia kiti cha magurudumu na mtoto mchanga. Ndege yao inatua saa nane mchana, yaani 14:00, katika Jengo la 1.

Kutua si kushuka. Ndege hutembea uwanjani mpaka mahali pake, milango hufunguliwa, na abiria wa kiti cha magurudumu aghalabu hushushwa mwisho. Tuweke nusu saa. Kisha uhamiaji: pasipoti, viza, alama za vidole na picha. Ikiwa ndege yenu imetua peke yake, huenda mkapita kwa dakika chache. Ikiwa zimetua nyingi kwa pamoja, foleni hujikunja na kurudi. Kwa kuwa hamjui mtakuta hali gani, wekeni saa moja na nusu. Mizigo na ukaguzi wa forodha tuvipe dakika 40. Choo, udhu na sala tuvipe dakika 20. Kutembea na mizigo hadi stesheni, kuonyesha tiketi na pasipoti, na kufika kabla milango haijafungwa, tuvipe nusu saa nyingine. Jumla ni dakika 210, yaani saa tatu na nusu. Treni inayowafaa ni ya saa kumi na moja na nusu jioni, 17:30, si ile ya saa kumi inayoonekana nzuri kwenye simu.

Wanaotua katika jengo jingine waongeze muda wa gari. Wanaosafiri Ramadhani, hasa kumi la mwisho, waongeze tena. Kijana asiye na mzigo wa kusubiri, anayetembea peke yake, anaweza kupunguza. Lakini familia haiendi kwa mwendo wa kijana wake. Huenda kwa mwendo wa bibi yake, na hesabu ya saa ianzie kwa bibi.

Huenda mtu akasema: tukipita uhamiaji mapema tutakaa stesheni saa mbili bure. Hewaa, mtakaa. Bibi atapumzika, mtoto atanyonya, mtasoma adhkari. Pimeni hasara hiyo na ile ya pili. Tiketi ya ndege na tiketi ya treni zikinunuliwa mbalimbali, shirika la ndege halina dhamana na treni, na reli haina habari na ndege iliyochelewa. Mkipitwa, gharama ni yenu. Siku za msongamano, na hasa mwisho wa wiki ya huko, ambao ni Ijumaa na Jumamosi, treni inayofuata yaweza kuwa imejaa, au ikawa na viti viwili wakati nyinyi ni watano. Itawabidi kukodi gari kwa safari ya kilomita zaidi ya 400, saa nne au zaidi barabarani usiku, pamoja na mzee aliyetoka safarini tangu jana.

Tena yapo ya thamani zaidi ya fedha. Kuingia Rawdha, katika Msikiti wa Mtume, siku hizi ni kwa kibali kinachoombwa kupitia programu ya Nusuk, nacho kina siku yake na saa yake. Mama aliyeweka akiba ya mauzo ya maandazi kwa miaka ili apate rakaa mbili pale asipoteze nafasi hiyo kwa ajili ya dakika arobaini ambazo mwanawe alizibana wakati wa kununua tiketi. Kibali hicho nacho kisipangwe usiku uleule wa kuwasili. Kiwekwe kesho yake, au keshokutwa.

Sala na ihramu ndani ya ratiba

Ratiba ya Mwislamu haikamiliki bila ya nyakati za sala. Msafiri wa mfano wetu anaweza kuchukua ruhusa aliyopewa, akasali Adhuhuri na Alasiri kwa kupunguza na kukusanya hapo uwanjani. Mwezi wa Desemba, Magharibi huingia Jeddah kabla ya saa kumi na mbili jioni. Itawakuta ndani ya treni, nao wanaweza kunuia kuichelewesha waikusanye na Isha watakapofika Madina. Anayelijua hilo kabla hatahangaika njiani.

Ihramu nayo hutegemea mji utakaoanza nao. Anayekwenda Madina kwanza hana haja ya kuingia ihramu ndani ya ndege. Atahirimia Dhul-Hulayfa, ambapo leo panajulikana pia kwa jina la Abyar Ali, siku atakapotoka Madina kwenda Makka. Lakini anayetua Jeddah akiwa na nia ya kwenda moja kwa moja Makka kwa ajili ya Umra huvuka mikati akiwa angani. Nguo zake za ihramu zisiwe katika begi lililo tumboni mwa ndege. Akingoja mpaka mkanda wa mizigo, atakuwa amekwisha kupita mahali pa kuhirimia. Amuulize mwanachuoni wake mapema, akiwa bado nyumbani.

Kwa sababu hizi, familia yenye wazee tunaipendekezea kuanza na Madina. Watatua bila ya ihramu, watapumzika, watazoea hali ya hewa, kisha watakwenda Makka wakiwa na nguvu za kutufu na kusai. Na yule ambaye hesabu hii yote inamchosha, ajue kwamba Madina ina uwanja wake wa ndege wa kimataifa. Nauli yaweza kuwa kubwa zaidi, lakini wakati mwingine nauli hiyo ndiyo sadaka bora kwa miguu ya mzazi.

Mambo madogo yenye uzito

Kiti cha magurudumu kiombwe kwa shirika la ndege siku kadhaa kabla, si mlangoni. Mtu mmoja ashike karatasi zote za treni, lakini kila mtu mzima ashike pasipoti yake. Jina katika tiketi lilingane na jina katika pasipoti. Dawa za wazee ziwe mkononi. Kubalianeni mahali pa kukutana endapo foleni itawatenganisha, kwa kuwa simu huenda zikawa hazina mtandao bado. Ununuzi wa laini ya simu na kubadilisha fedha uje baada ya kujua mna dakika ngapi. Someni masharti ya mizigo na ya kubadilisha tiketi ya treni kabla ya kulipa, na muijue saa ya treni mbili zinazofuata ile yenu.

Tumefundishwa kumfunga ngamia kwanza, kisha kutawakali. Katika zama zetu, kumfunga ngamia ni pamoja na kuacha nafasi ya saa tatu na nusu baina ya ndege na treni. Aliyeiacha akapita upesi, amshukuru Mola wake. Aliyeiacha ikamalizika yote katika foleni, atakuwa amelindwa na jambo jingine lililo zito: kuingia nchi takatifu akiwa na hasira, akimfokea mkewe kwa begi lililochelewa, akimvuta mama yake mkono. Nje ya dirisha la treni kuna jangwa la Hijazi na majabali meusi ya volkano yanayoizunguka Madina. Ni vyema yatazamwe na moyo uliotulia, ulimi ukiwa katika kumswalia Mtume.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awafikishe salama wote walionuia, awakubalie Umra zao, na awajaalie wasio na uwezo njia ya kufika. Amin.