Shamba la Kizimbani na Karani wa Forodha

Atokaye Mji Mkongwe kwenda Kizimbani huacha nyuma yake maghala, forodha na kelele za bandari, akaingia katika nchi ya minazi, mifenesi na mikarafuu. Si safari ndefu. Aghalabu humalizika kabla ya mazungumzo kwisha. Hata hivyo, mtu atakaye kujua jinsi mfanyabiashara anavyoweza kuiongoza nafsi yake katika kazi ya miaka mingi, hana haja ya kwenda mbali zaidi ya hapo. Mwisho mmoja wa njia hiyo una habari za mtu wa shamba, na mwisho wa pili una habari za mtu wa forodha. Wa kwanza aliileta Unguja mali mpya, lakini yeye mwenyewe akashindwa kugeuka. Wa pili hakuleta mche wowote, ila kila upepo ulipobadilika ulimkuta amekwisha geuza tanga.

Mtu wa shamba ni Saleh bin Haramil al-Abri, Mwarabu wa Maskati, aliyefanya biashara na Wafaransa wa visiwa vya Bourbon na Mauritius. Mkarafuu asili yake ni visiwa vya Moluku, na kwa muda mrefu Waholanzi waliulinda kama mfalme alindavyo hazina yake, hata Wafaransa wakaiba miche katika karne ya 18 na kuipanda katika visiwa vyao. Kutoka huko Saleh aliileta Unguja. Wengine husema ilikuwa 1812, wengine husema 1818. Aliipanda Mtoni na Kizimbani. Jambo hili husimuliwa kwa sentensi moja, kana kwamba lilikuwa jepesi. Mkarafuu hukaa miaka sita au saba kabla ya kuanza kuzaa. Mtu aupandaye huitoa fedha aliyo nayo mkononi akampa mtu asiyemjua bado, yaani yeye mwenyewe baada ya miaka saba. Wenye mashamba wengi wa wakati ule wasingethubutu.

Lakini Saleh alikuwa na biashara nyingine, nayo ni ya watumwa. Mwaka 1822 Seyyid Said alitia mkataba na Waingereza wa kukataza watumwa wasiuzwe kwa mataifa ya Kikristo. Inasemwa kwamba Saleh hakujali, akaendelea kuwauzia rafiki zake Wafaransa. Inasemwa pia kwamba ugomvi wenyewe ulikuwa wa ukubwa na watu wa kumfuata. Pengine yote mawili ni kweli, kwa maana mtawala hakosi sababu njema pale ambapo shamba ni jema. Seyyid Said alimnyang'anya mashamba yake, na Kizimbani ikawa mali ya Sultani. Macho yaliyouona mti wa miaka saba mbele hayakuiona karatasi iliyotiwa saini miguuni pake.

Seyyid Said aliushika mti ule kwa nguvu zote za dola. Aliwaamuru wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi, na Unguja ikafunikwa kwa karafuu mpaka, katika miaka ya 1840, wingi wake ukaiangusha bei. Hamamu yake ingaliko Kizimbani, na mgeni huoneshwa. Haya yanatosha kwa habari za shamba, maana karafuu iliyochumwa, ikachambuliwa na kukaushwa juani, iliteremka mjini, na mjini hakikupita kitu bila ya kuonwa forodhani.

Forodha ya Unguja haikuendeshwa na Sultani mwenyewe. Iliuzwa kwa mkataba. Nyumba ya biashara ilimlipa Sultani kiasi maalumu kila mwaka, ikakusanya ushuru wa bandari, na ziada ikawa faida yake. Bidhaa zilizoingia, kwa mkataba wa 1833 na Marekani, zilitozwa 5 kwa mia. Kwa miaka mingi, tangu zama za Seyyid Said, mkataba ule ulikuwa mikononi mwa nyumba ya Jairam Shivji wa Kutch. Katika nyumba hiyo aliingia kijana Tharia Topan, Khoja wa Ismailia, aliyezaliwa Kutch mwaka 1823. Husimuliwa kwamba alianza kwa kazi ndogo ndogo na kwamba hakujua kusoma wala kuandika, akajifunza hayo akiwa kazini chini ya Ladha Damji, msimamizi wa nyumba ile.

Hapa pana jambo la kutazamwa kwa makini kuliko utajiri wake wa baadaye. Kijana asiyejua kusoma, aliyewekwa mahali ambapo kila kitu ni daftari, ana njia mbili. Aweza kuificha aibu yake kwa ukali na maneno mengi, kama wafanyavyo wakubwa wengi hata katika ofisi za zama hizi. Au aweza kukaa mbele ya mtu mwingine akafundishwa. Tharia alikaa akafundishwa. Amri ya kwanza katika maisha yake ya uongozi aliitoa juu ya nafsi yake, na haikuwa amri ya kupendeza.

Baadaye alijitegemea, na misukosuko ikaja mmoja baada ya mwingine. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, viliadimisha nguo ya marekani ambayo ilikuwa kama fedha barabarani, na soko likalazimika kupokea nguo za Uingereza na za Bara Hindi. Biashara ya pembe ilizidi kuingia ndani ya bara, safari zikawa za miaka, na Tharia akawa mmoja wa wale waliotoa bidhaa kwa mkopo kwa wenye misafara. Tippu Tip alikuwa miongoni mwa wadeni wake. Aprili 1872 tufani kubwa iliipiga Unguja, ikaiangusha mikarafuu na minazi mingi mno, ilhali Pemba iliokoka. Mwaka 1873 Seyyid Barghash alitia mkataba wa kuifunga biashara ya watumwa ya baharini, na soko la mjini likafungwa. Nyumba nyingi zilizoegemea nguzo moja ziliyumba. Mwaka 1876 mkataba wa forodha ulikuwa wa Tharia Topan. Aliyeingia humo akiwa kijana wa kutumwa sasa ndiye aliyekuwa bwana wake, na mwaka 1890 Malkia Victoria alimpa cheo cha Sir.

Ni rahisi kumsifu mtu wa namna hii kwa kugeuka tu, lakini bendera nayo hugeuka. Tofauti ya Tharia na bendera ilikuwa katika neno lake. Msafara uliokwenda miaka mitatu Manyema haukuwa na dhamana yenye maana ila kuaminiana, na mtu aliyekopesha kwa namna hiyo alipaswa kuwa yule yule wakati wa kutoa na wakati wa kupokea, hata kama bidhaa, njia na watawala walikuwa wamebadilika.

Wala sifa hizo zisisomwe bila ya upande wa pili wa daftari. Pembe zile zilitoka katika nchi zilizotiwa moto. Na Kizimbani, baada ya tufani, miti iliyoanguka iliondolewa na miche ikapandwa upya kwa mikono ya watumwa. Utumwa haukufutwa kisheria Unguja mpaka 1897. Mwenye daftari huweza kuhama kutoka nguo kwenda pembe, na kutoka pembe kwenda forodha. Mchumaji aliyekuwa juu ya mkarafuu hakuwa na pa kuhamia. Yeye pia aliyavumilia mageuzi yote yale, bei ilipopanda na ilipoanguka, na hakuna aliyeliandika jina lake.

Mwaka 1887 Tharia aliweka jiwe la msingi la hospitali mbele ya bandari, kwa kumbukumbu ya miaka 50 ya utawala wa Malkia Victoria. Alifariki Bombay mwaka 1891, na nyumba ile, yenye roshani za mbao zilizochongwa, ilimalizika mwaka 1894 chini ya mjane wake. Haikuwa hospitali aliyoikusudia. Mwaka 1900 iliuzwa kwa mfanyabiashara mwingine, ikatiwa zahanati chini, na kwa jina la zahanati ndivyo wenyeji wanavyoijua. Iliwahi kuchakaa vibaya, ikatengenezwa upya katika miaka ya 1990.

Kizimbani nako kuna kituo cha utafiti wa kilimo, na vijana husomeshwa kilimo huko. Kando ya mikarafuu hukuzwa mdalasini, iliki, pilipili manga na vanila, na wageni huja kunusa majani. Katika vitalu hupandwa miche ya mikarafuu, midogo, imefunikwa kivuli cha makuti. Hiyo bado hukaa miaka sita au saba.