Mbele ya Kulipa Mtumbwi, Tuulize Choo



Mwezi wa saba masomo yakifungwa, vikundi vyetu vingi vya Kakontwe vinapenda kutoka kidogo na watoto. Wengine tunaenda ziwa Tshangalele, upande wa Kapolowe, lile ziwa lililozaliwa na bwawa la Mwadingusha. Ni safari nzuri. Upepo upo, samaki wabichi wapo, na mtoto aliyezoea vumbi la mji anaona maji mapana. Lakini kuna jambo ambalo tunaona haya kuliuliza: kule tunakoenda, choo kipo?

Mwaka jana tulivuka kwa mitumbwi mpaka kisiwa kimoja kidogo, wamama kumi na saba pamoja na watoto. Mwenye mitumbwi alituhakikishia kwamba kule kuna kila kitu. Tulikuta kibanda kimoja cha majani, na kivuli chake ni cha wanaonunua bia. Maji ya kunywa yalikuwa yale yale ya ziwa. Choo kilikuwa shimo lililozungushwa magunia, na magunia yenyewe yanamfika mtu mzima kiunoni.

Wanaume waliingia kwenye matete, mambo yao yakaisha. Kwetu haikuwa hivyo. Saa sita nikaona kwamba wamama wameacha kunywa maji. Hakuna aliyesema kitu. Kila mmoja alijua sababu yake. Kambo mmoja hakuonja hata tone tangu asubuhi mpaka jua likainama, akarudi kichwa kinamuuma na miguu inatetemeka. Binti mmoja wa miaka kumi na mitatu siku zake zilimkuta pale pale. Alikaa juu ya kikwembe cha mama yake, akakataa kuinuka hata tulipopakua bukari. Ndipo tukasimika fimbo nne, tukazifunga vikwembe, tukamtengenezea chumba chake. Alitoka mle akicheka, akaomba samaki.

Nimefundisha wasichana miaka mingi, na jambo hili ninalijua hata shuleni. Mahali pasipo na choo cha heshima, msichana anajifunga kunywa, anajifunga kucheza, mwisho anabaki nyumbani. Mama naye anajizuia mkojo siku nzima, kesho yake unamuunguza.

Tena si heshima peke yake. Mwanzoni mwa mwaka 2008 kipindupindu kilitupiga hapa Likasi na kule Lubumbashi. Wengi wetu tunakumbuka. Ugonjwa ule unatoka kwa kinyesi, unaingia kwenye maji, unafika mdomoni. Watu wakijisaidia kwenye matete, na wengine wakichota maji hatua chache kutoka pale, tunaupikia chakula. Kuchemsha maji kunaua vijidudu, ndiyo. Lakini ziwa letu linapokea pia maji yaliyopita kwenye migodi na viwanda, na madini hayatoki kwa moto. Kwa hiyo maji ya kunywa tubebe kutoka nyumbani, kwa bidoni zenye kifuniko.

Kuna watakaosema kisiwa kidogo hakiwezi kuwa na choo kizuri. Chumbe, karibu na Unguja huko Tanzania, ni kisiwa kidogo kisicho na mto wala kisima. Wageni wanaenda kwa siku moja au wanalala. Maji yao ni ya mvua, yanakingwa juu ya mapaa na kuwekwa kwenye matangi. Vyoo vyao havimwagiwi maji. Uchafu unafunikwa, unaoza polepole na kuwa mbolea. Kwetu hatuhitaji hata makubwa hayo. Shimo lichimbwe sehemu ya juu, mita 30 au zaidi kutoka majini, liwe na mlango, ndoo ya maji na sabuni. Chokaa ikinyunyizwa inapunguza harufu na nzi, na mawe yake yanatoka hapa hapa Kakontwe. Tuiweke mbali na watoto tu, maana inaunguza.

Mwaka huu mama prezidanti wetu alimpigia mwenye mitumbwi simu mbele ya kutoa hata franga moja. Akamwambia: "Papa, tutakuja siku choo kitakuwa na mlango." Baada ya wiki mbili yule papa akapiga mwenyewe: shimo liko, bati liko.

Basi wamama, tukipanga safari tuulize mambo manne: choo, maji, kivuli, na namna ya kumrudisha mgonjwa haraka ng'ambo. Kwenye mzigo tutie vikwembe viwili vya ziada, kamba, sabuni, na vitambaa safi kwa ajili ya mabinti. Na jibu likiwa "kuna kila kitu", tuombe atutajie kimoja kimoja.