Chuo Kidogo cha Kompyuta Hapa Dzaleka

Mwezi huu hatusafiri mbali. Tunabaki hapa hapa Dzaleka, wilaya ya Dowa, kilomita 40 na kidogo kutoka Lilongwe, twende pamoja tukaone kompyuta zinavyofundishwa. Familia nyingi zinatuuliza: mtoto akishinda mbele ya mashine siku nzima, anapata nini?

Tuanze na mahali penyewe. Zamani hapa palikuwa gereza, ambamo serikali ya Kamuzu Banda iliwafunga wapinzani wake. Mwaka 1994 pakawa kambi. Ilikusudiwa watu kama 10,000, leo tuko zaidi ya 50,000: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na wengine, na sokoni Kiswahili ndicho kinatuunganisha. Masomo ya chuo kwa intaneti yaliingia mwaka 2010, Wajesuiti walipoanzisha diploma iliyotolewa na Regis University ya Denver, Marekani. Tangu hapo vijana wanasoma na kufundishana wenyewe kwa wenyewe.

Chumba tulichoingia ni cha matofali na mabati. Kuko meza ndefu, laptopu za zamani, na nyaya zinazokwenda kwenye betri za sola. Mvua ikipiga mabati, mwalimu anaacha kusema, anaandika ubaoni. Mashine hazitoshi, kwa hiyo wanafunzi wawili wanakaa kwa moja: huyu anaandika, yule anatafuta makosa, kisha wanabadilishana. Mtandao ukikatika wanafungua Kiwix, programu inayowawezesha kusoma Wikipedia iliyohifadhiwa ndani ya mashine, bila intaneti.

Wengi wetu tunafikiri kusoma kompyuta ni kujua kuchapa barua. Kumbe hiyo ni sehemu ndogo sana. Sayansi ya kompyuta ni kujifunza kufikiri kwa hatua. Mwalimu alitoa mfano wa siku ya mgao. Chukua orodha ya majina 50,000, utafute jina moja. Ukianza juu, moja moja, unaweza kwenda mpaka jina la mwisho. Lakini orodha ikiwa imepangwa kwa alfabeti, fungua katikati. Jina lako liko mbele au nyuma? Tupa nusu isiyokuhusu, ufungue tena katikati ya iliyobaki. Zinabaki 25,000, halafu 12,500, halafu 6,250. Ukiendelea hivyo, hatua hazizidi 16. Kumi na sita tu!

Mama mmoja aliyesimama mlangoni akauliza, "Sasa mbona foleni yetu haiishi?" Tulicheka wote. Mwalimu akamjibu, "Mama, orodha isipopangwa, ujanja huu haufanyi kazi."

Hatua za namna hiyo zinaitwa algoriti, jina lililotoka kwa al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9. Wanafunzi wanaziandika kwa lugha ya Python, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1991. Ni ya bure, na mashine kuukuu inaimudu.

Haya, kazi iko wapi? Tuseme ukweli. Sheria za Malawi zinambana mkimbizi asifanye kazi nje ya kambi, na mwaka 2023 wengi waliokuwa na biashara mijini walirudishwa hapa. Ndiyo maana vijana wanapenda kazi hii: programu inaandikwa Dzaleka, anayeitumia yuko Ulaya. Lakini malipo ni shida. Mteja anataka kulipa kwa benki, na akaunti inadai karatasi ambazo wengi hatuna. Kwa hiyo cheti peke yake hakileti ugali kesho asubuhi. Kinachobaki kwa mtoto ni ujuzi, na huo atahama nao popote atakapopelekwa.

Jambo moja lilituuma. Msichana mmoja alituambia kila siku saa kumi anaacha somo kwenda kuchota maji, wakati wavulana wanabaki na mashine. Baba yake alikuwepo, akanyamaza. Wiki iliyofuata tulimkuta kaka yake kisimani na ndoo mbili. Hatukuuliza kitu, tulimsaidia kupanga foleni.

Wazazi, kama mtoto anataka kusoma, kwanza muangalie hesabu na Kiingereza, maana masomo mengi yako katika lugha hiyo. Pili, kabla ya kutoa hata kwacha moja, muulize nani anatoa cheti na chuo gani kinakitambua. Tatu, mumpe binti saa zile zile mnazompa mvulana.

Mlango wa darasa uko wazi. Nendeni mkasimame pale kama yule mama, na mkiwa na swali, mliulize.