Damu Chooni, Kipimo cha Picha na Haya Zetu



Leo lesi na hina tumeziweka pembeni. Tunataka kusema jambo ambalo bibi harusi wengine hutunong'oneza wakija kupimwa gauni, kwa kuwa mbele ya mama zao wanaona haya: damu kwenye haja kubwa.

Mwaka jana mtoto wa mdogo wetu, wa miaka minne, alikuwa kila akienda chooni anatoa damu nyekundu kidogo, bila ya maumivu. Majirani kila mmoja alikuwa na lake. Huyu bawasiri, yule minyoo, mwengine kaja na dawa ya kuchemsha. Mdogo wetu aliwasikiliza wote, kisha akamchukua mwanawe hospitali, nasi tukafunga duka tukamfuata.

Wengi wetu tunaijua altrasaundi kwa mimba. Kumbe na utumbo hutazamwa. Daktari alimpaka jeli tumboni, akapitisha kifaa pole pole chini upande wa kushoto. Kwenye skrini tukaona kitu cha duara, ndani kina vitundu vidogo vyeusi, kimening'inia kwa kikonyo kama embe. Akabonyeza kitufe, rangi ikatokea kwenye kikonyo: damu inapita. Alitueleza kwamba kinyesi nacho huweza kuonekana kama uvimbe, lakini kinyesi hakina mshipa wa damu. Kisha akaweka alama huku na huku, mashine ikatoa kipimo: sentimita 1.8. Sisi tunaoshinda na futi kamba shingoni tulikiona kitu hicho bila ya kukishika.

Kinyama hicho huitwa polipu. Kwa watoto wadogo aina hii ndiyo ya kawaida zaidi, na kikiwa kimoja peke yake ni nadra kugeuka saratani. Tulivuka naye hadi Dar es Salaam. Huko walimpa dawa ya usingizi, wakaingiza kamera kupitia njia ya haja kubwa, wakakinasa kikonyo kwa kitanzi cha waya na kukikata. Kinyama kikapelekwa maabara kuchunguzwa. Alhamdulillah, damu ilikoma.

Lakini kuna upande wa pili. Mteja wetu mmoja, bibi harusi, alipigwa altrasaundi ya tumbo kwa tatizo hilo hilo, akaambiwa hakuna kilichoonekana. Mama yake akashusha pumzi: "Basi mwanangu, yameisha." Harusi imebaki wiki tatu, na damu bado inatoka.

Mawimbi ya sauti hayapenyi vizuri penye gesi, na utumbo hauishi gesi. Kinyama kidogo, hasa chini ya sentimita moja, hukosekana kwa urahisi. Kwa hiyo picha ikionesha kitu, imekusaidia sana. Isipoonesha, bado hujajua damu inatoka wapi. Tulimwambia hivyo, tukamsihi arudi akamuulize daktari habari ya kamera. Akarudi. Kamera ilimkuta na polipu ya milimita 7, ikatolewa siku ile ile. Kwa watu wazima baadhi ya vinyama hivi hugeuka saratani baada ya miaka, na kadiri kinavyokua ndivyo hatari inavyozidi. Harusi haikuahirishwa hata siku moja.

Haya ni pambo la mwanamke wa Kiislamu, hilo hatulipingi. Lakini Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuuliza. Na wazee wetu walisema, mficha uchi hazai.

Altrasaundi hii hufunua tumbo tu; kwengine jifunike kanga yako. Kwa kamera, omba daktari mwanamke. Akikosekana, omba mwanamke mwenzako abaki nawe chumbani. Ukifika, sema wazi: damu imeanza lini, ina rangi gani, umepungua uzito au la, na kama katika ukoo wenu yuko aliyepata polipu au saratani ya utumbo. Hayo daktari hawezi kuyajua kama hukumwambia.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, na atupe sisi ulimi wa kusema mapema. Amin.