Buti na Matope ya Mlima Kenya

Mtu asimamaye Naro Moru alfajiri, kabla mawingu hayajaanza kupanda, huviona vilele vya Mlima Kenya vimekaa wazi mbele yake. Batian, chenye urefu wa mita 5,199, na jirani yake Nelion, mita 5,188, ni vya mafundi wa kukwea miamba kwa kamba. Lakini cha tatu, Lenana, mita 4,985, mtu mwenye afya njema aweza kukifikia kwa miguu yake tu. Ndicho kilele alichokipanda Kisoi Munyao katika Desemba 1963 kwenda kusimamisha bendera ya Kenya huru. Basi wengi husikia maneno hayo, "kwa miguu tu", wakadhani ni safari nyepesi. Hawaulizi miguu hiyo itavaa nini.

Njia ya Naro Moru huanza kwa upole. Kutoka lango la hifadhi hupita katika msitu na mianzi mpaka Kituo cha Hali ya Hewa, kwenye mita 3,050 hivi, na hadi hapo kiatu cho chote kizima chaweza kumfikisha msafiri. Taabu huanza msitu unapokwisha. Mbele yake kuna mteremko mkali uliojaa maji kama sifongo, na wapandaji wameupa jina la kinamasi kilichosimama wima. Nyasi zimeota kwa mafungu, na kati ya fungu na fungu kuna tope jeusi lenye baridi. Msafiri huruka kutoka fungu hili hadi lile. Akikosea, mguu huzama mpaka kifundo, na wakati wa masika hata kufika muundi. Baada ya kinamasi hufuata Bonde la Teleki, penye lobelia kubwa na pimbi wasioogopa watu, kisha ile changarawe ya juu inayoteleza kila hatua, ambapo usiku maji huganda. Kwa hiyo kiatu kimoja hakina budi kupigana na maadui watatu: matope, mawe na baridi.

Viatu vya mlima ni vya namna mbili kubwa. Namna ya kwanza ni buti la ngozi nene, lenye mishono michache, maana maji hupenda kuingia penye mshono. Buti hilo ni zito, na huchukua majuma kadhaa kuzoeana na mguu; lakini likipakwa nta na kutunzwa hudumu miaka mingi, na mengi yaweza kupelekwa kwa fundi kutiwa soli mpya. Namna ya pili ni buti jepesi lenye bitana isiyopenyeza maji. Utando unaotumika katika bitana nyingi za namna hii ulivumbuliwa Marekani mwaka 1969. Una matundu madogo mno hata tone la maji haliwezi kupita, lakini mvuke wa jasho hupita.

Bitana hiyo ni nzuri sana penye umande na manyunyu. Lakini ina hila yake: maji yakiingia kwa juu, penye mdomo wa buti, utando ule ule uliozuia maji yasiingie huyazuia yasitoke, na usiku mmoja katika kibanda cha baridi hautoshi kuyakausha. Kwa sababu hiyo, katika njia ya Naro Moru, buti la ngozi lililopanda juu ya kifundo ndilo la kuaminika zaidi. Katika njia ya Sirimon, iliyo kavu zaidi, jepesi laweza kutosha. Na liwe lipi, yafaa kufunga kitambaa kigumu kutoka gotini hadi juu ya buti ili tope lisimiminike ndani.

Soli nayo si jambo dogo. Zamani wapanda milima walipigilia misumari chini ya viatu vyao. Mwaka 1935 wapandaji sita walikufa katika mlima Punta Rasica, na mwenzao Vitale Bramani, Mwitalia, akaona kwamba viatu visivyofaa vilikuwa sehemu ya msiba ule. Ndipo akatengeneza soli ya mpira yenye meno marefu, ambayo sasa yaigwa duniani kote.

Anunuaye na aende dukani jioni, wakati mguu umevimba kidogo, akiwa na soksi nene. Na asimame akielekea chini penye mteremko: vidole vikigusa mbele, buti hilo ni dogo. Anunuaye mitumba Gikomba azidi kuangalia. Aikunje soli, atazame penye gundi, abonyeze kwa kidole gumba, kwa maana soli nyingine huoza ghalani hata kama hazikuvaliwa, na buti lililoonekana jipya hufumuka mlimani. Likilowa lisiwekwe karibu na moto, kwani ngozi hupasuka. Litiwe karatasi za gazeti, likauke polepole.

Limebaki jambo moja, nalo ni la haki. Huonekana mara nyingine mgeni amevaa buti la thamani, na mpagazi aliyemchukulia mzigo amevaa raba zilizotoboka au gambuti. Wote wawili wapita kinamasi kile kile, tena mpagazi ana mzigo mgongoni. Mguu wake ukipata malengelenge, hupoteza kazi ya siku nyingi. Akivunjika juu kule, wenzake watambeba. Amwajiriye na aitazame miguu yake langoni, kabla safari haijaanza.

Lenana ni nusu ya safari. Mwenda pole hajikwai, lakini hata mwenda pole huhitaji kiatu kitakachomrudisha nyumbani.